Jiko Lisilo na Ulimi

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikunong'oneze. Na wewe uliyelisoma, vumilia kidogo, hutapungukiwa na kitu.

Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha viatu. Mafua yalinishika, yakaniachia, na yalipoondoka yakabeba pua yangu. Pua nayo haikutaka kusafiri peke yake, ikauchukua na ulimi. Tangu hapo asali kwangu ni gundi, na pilipili ni joto tu. Daktari alinichungulia kooni akasema ladha itarudi ikipenda. Sikumwambia mtu. Nikaendelea kupikia kiwanda kizima kwa kumbukumbu.

Tuliachana pale nilipokuwa nimesimama jikoni kwangu jioni, nimemaliza kikombe kizima cha maji ya kuoshea vyombo nikidhani ni chai ya maziwa, na mke wangu yuko mlangoni ananitazama.

"Imekolea?" akaniuliza.

"Nini?"

"Chai."

"Imekolea, mke wangu. Mkono wako ni ule ule."

Akavuta kiti akanisogezea. "Baba watoto, hayo ni maji ya vyombo, na sabuni nimetia mwenyewe. Kaa chini tuzungumze kabla hujaanza kutoa mapovu."

Nikakaa. Nikamwaga yote: mafua, daktari, kiwanda. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, halafu ghafla akasema, "Ndiyo maana!"

"Ndiyo maana nini?"

"Hakuna."

Hiyo "hakuna" yake naijua. Ina vyumba na sebule.

"Jumapili nilipika mimi," nikasema. "Chakula kilikuwaje?"

"Kitamu."

"Kitamu vipi?"

"Kitamu cha kutosha."

"Mke wangu."

"Abee."

"Niambie ukweli."

"Unautaka wa nini? Watoto walishiba. Wewe ulifurahi. Mimi nilipumzika. Huo ukweli ungeongeza nini pale mezani?"

Nikamkodolea macho tu, kama mtoto anayesubiri kupewa kitu. Hapo huwa anashindwa.

"Haya," akasema. "Mdogo aliniuliza kama baba ametupikia bahari. Nikamwambia ale anyamaze, baba amechoka."

Nitakwambia kilichoniuma, na si chumvi. Kumbe mezani kwangu mwenyewe watu walikuwa wamekaa kikao na kukubaliana, mpaka mtoto wa chekechea, na mimi sikualikwa.

"Kama nyumbani ni bahari," nikasema, "kazini ni nini?"

"Kazini una Mama Funguo. Si ndiye anayeonja?"

Nikashusha pumzi. Kweli bwana. Kazini kuna Mama Funguo.

Huyu ni msimamizi wa kantini. Jina amelipata kwa rundo la funguo linaloning'inia kiunoni, ambalo husikika kabla mwenyewe hajaonekana. Sheria ya jiko letu ni moja: hakuna upawa unaozama sufuriani kugawa chakula mpaka yeye aonje. Kijiko chake kina msumari wake ukutani, na ole wako ukikitumia kukoroga chai. Huja, hukitungua, huchota, hupuliza, huonja, hufumba macho kama anayeomba dua, kisha hutoa hukumu:

"Inataka chumvi kidogo."

Kila siku. Iwe maharage, iwe supu, iwe mchuzi wa viazi, inataka chumvi kidogo.

Enzi zangu za ulimi nilikuwa na dawa yake. Nazamisha mkono kwenye kopo la chumvi, nautoa mtupu, natikisa vidole juu ya sufuria kwa madaha. Anaonja tena. "Sasa sawa." Kengele inalia, watu wanakula, tunaishi. Nilidhani ni ukubwa tu unamsumbua. Kila mkubwa ana kitu chake cha kuongeza ili ionekane naye alikuwepo.

Mafua yaliponipora, nikajisemea: basi, sasa tutamtii huyu mama. Akisema inataka chumvi, naweka. Chumvi ya kweli, mkono umejaa. Anaonja. "Sasa sawa."

Msomaji, wewe umeshaona tatizo liko wapi? Hongera. Mimi sikuliona.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya asubuhi, nikamfuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye hupaka gundi soli za viatu, na ameipaka mpaka kucha zake zinang'aa kama za bibi harusi. Nilimkuta amekaa juu ya kreti anatafuna mkate.

"Shemeji, nikuulize kitu, na usinifiche."

"Dada yangu kakuacha?"

"La."

"Basi mengine yote nayaweza. Sema."

"Chakula changu."

Taya zikasimama. "Kina nini?"

"Wewe ndiye unayekila. Kina nini?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mkate kana kwamba umeandikwa jibu. "Shemeji, wewe unagawa upawa uliojaa. Hujawahi kumwambia mtu kimeisha. Watu hapa wanakupenda."

"Sijauliza kama wananipenda."

"Najua. Lakini hilo ndilo jibu zuri nililonalo."

"Nipe lile baya."

Akameza. "Umewahi kujiuliza kwa nini wakata ngozi wote wanakuja kula na chupa za maji?"

"Kiu. Kule kwao kuna joto."

"Wanayamimina kwenye maharage, shemeji. Chini ya meza, usione. Ukigeuka tu wanakoroga."

"Tangu lini?"

"Tangu mafua yako. Hata mimi ninayo." Akaichomoa chupa mfukoni, akanionyesha kama mtu aliyesimamishwa na askari anavyoonyesha kitambulisho.

Nikacheka. Ungefanya nini wewe? Wanaume wazima, wenye ndevu, wanapunguza makali ya maharage chini ya meza kama watoto wanaoibia mtihani.

"Cheka," akasema shemeji, "cheka sasa hivi, maana linalofuata halichekeshi. Unamjua Bibi wa Gundi?"

Namjua. Ni mkongwe wa idara yao, amewafundisha wote kushika brashi. Mimi huniita kijana, ingawa upara wangu umefika kisogoni.

"Yule hakuwa na chupa," shemeji akaendelea. "Alisema kumwagia maji chakula cha mtu ni kumtukana. Alikuwa anamaliza sahani yake yote, anasema kijana amejitahidi. Na ana presha. Sasa yuko nyumbani, miguu imevimba kama mito ya kitandani. Daktari kamuuliza: mama, chumvi yote hii unaila wapi?"



Unajua, mpaka pale nilidhani habari hii ya kuujua ukweli ni baina yangu na moyo wangu: niweze kuubeba au nisiweze. Kumbe wakati mimi najipima kifua, upole wa watu wote hawa ulikuwa umeshatembea, umeshuka ngazi, umekwenda kukaa kwenye miguu ya bibi wa watu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nani aanze? Mimi nilimsubiri mkata ngozi, mkata ngozi kanisubiri mimi. Halafu kila mtu anajua Mama Funguo ameonja. Tukasema labda ndimi zetu ndizo mbovu." Akashuka kwenye kreti, akapunguza sauti. "Na tajiri mwenye kiwanda amesikia habari za bibi. Ijumaa anakuja kula na sisi. Wanasema kuna kampuni ya chakula cha kwenye maboksi inamnyemelea. Wakimpendeza, jiko lako linafungwa, mnakwenda nyumbani wewe na masufuria yako."

Nikarudi jikoni nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Na njiani swali moja likawa linanikereketa. Kama maharage ni bahari, na Mama Funguo ana ulimi, basi kila siku anaonja nini?

Hapo, msomaji, mtu mwenye akili angeacha. Mke wangu angeacha. Mimi nilichukua kisufuria.

Siku iliyofuata nilipakua maharage kidogo kabla sijayatia chumvi, nikayamiminia sukari. Sikutia kidogo, nilitia sukari ya kumbembelezea mtoto anayekataa dawa. Nikayaweka kwenye kisufuria pembeni, nikatulia.

Funguo zikasikika. Akaingia.

"Cha leo ni hiki, Mama."

Akatungua kijiko. Akachota. Akapuliza. Akafumba macho. Nami nikafumba, sijui kwa nini.

"Inataka chumvi kidogo."

Nikazamisha mkono kwenye kopo la chumvi, nikautoa mtupu, nikatikisa vidole kwa madaha yangu ya zamani. Akaonja tena.

"Sasa sawa."

Nilikuwa nimeutafuta ukweli, nimeupata, na pale pale nikatamani kuurudisha nilikoutoa.

"Mama, tuingie stoo mara moja."

"Kuna nini?"

"Kuna panya."

Akatangulia mbio, kijiko mkononi kama silaha. Nikafunga mlango nyuma yetu.

"Yuko wapi?"

"Hakuna panya. Mama, yale maharage nimeyatia sukari."

Funguo zikanyamaza.

"Sukari kiasi gani?"

"Ya birika zima."

Akatafuta pa kukaa, akapata gunia la mchele. "Mshenzi wewe," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Tangu lini, Mama?"

"Kabla hujaajiriwa. Niliteleza bafuni nikagonga kisogo. Nilipoinuka kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa ladha."

"Na siku zote hizi unaonja nini?"

"Moto. Kikiwa kimepoa, natambua." Akageuza kijiko mkononi. "Halafu wewe ulidhani sikuwa nauona ule mkono mtupu? Vidole vikavu kama kuni, unavitikisa kama mchawi! Nilikuwa nauona, nafurahi. Nasema, Mungu mkubwa, jikoni kuna ulimi mmoja mzima. Mimi niseme langu, yeye afanye lake, watu wale. Nilikuwa nautegemea ulimi wako, baba."

"Mama," nikasema, "ulimi huo haupo. Mafua yameuchukua."

Akainua macho polepole.

"Kwa hiyo chumvi ninayosema..."

"Naitia kweli."

"Kila siku?"

"Kila siku ulivyosema."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanaruka, gunia linatoa vumbi, na mimi nikamfuata, nikaegemea ukuta. Jiko zima, masufuria makubwa ya kumwogeshea mtu mzima, na kila siku viziwi wawili wa ladha tunapokezana kijiko na kupeana hongera.

Halafu nikamweleza habari za Bibi wa Gundi. Tukaacha kucheka wote wawili.

"Ijumaa tumwambie tajiri," nikasema.

"Tumwambie nini?"

"Ilivyo."

"Sikiliza, Mpishi. Wewe ukikosa ulimi bado una mikono. Mimi hapa kazi yangu ni kuonja na kufunga milango. Ukiondoa kuonja, nabaki komeo." Akasimama, akajipangusa vumbi la gunia. "Ukweli wako useme ukitaka. Wangu niachie mwenyewe."

Jioni nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, na alizikunja mpaka nikafika mwisho, hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo kwa kweli lilinitisha.

"Nilikwambia usiutafute," akasema.

"Uliniambia."

"Basi umeshautafuta. Sasa usije ukaniletea humu ndani ukanikalia nao umenuna. Ufanyie kazi. Unachokosa ni nini?"

"Ulimi."

"Mchukue kaka yangu. Tangu utotoni kazi anayoiweza vizuri ni kukosoa chakula cha watu. Mama yetu alimkimbiza na mwiko mpaka kwa jirani kwa sababu hiyo hiyo."

Ijumaa ikafika. Meza za kantini zikavishwa vitambaa kwa ajili ya tajiri, na wakata ngozi wakavikalia kwa heshima kama wako sebuleni kwa mkwe.

Lakini kabla ya hapo, shemeji alikuja. Na hapa uelewe alichokiweka rehani. Pale kiwandani, mtu wa gundi haachi mstari mashine zikiwa zinakwenda. Akiuacha, soli zinakauka, kazi ya asubuhi nzima inaharibika, na yeye siku hiyo hiyo anafukuzwa kazi. Hakuna onyo wala kikao. Yeye aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akazunguka nyuma, akaingia kwa dirisha la jikoni, tumbo mbele.

"Haraka," akasema. "Nimewaambia tumbo linanisumbua, na kwa chakula chako hakuna aliyeshangaa."

Akaonja. "Kimepooza." Nikatia. Akaonja. "Bado." Nikatia punje chache. "Tena kidogo. Kidogo, nimesema! Unalima?" Akaonja mara ya mwisho, uso wake ukalainika kidogo, nikamwona yule mtoto aliyekimbizwa na mwiko. "Hapo simama," akasema. "Shemeji, sasa hiki ni chakula."

Akatoka kwa dirisha lile lile aliloingilia.

Mama Funguo alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo, ameona yote. Alikitungua kijiko chake, akakishika tu, hakuonja.

Kengele ikalia. Nikagawa. Nikasimama nyuma ya kaunta nikiangalia mikono ya watu. Chupa zilitolewa mifukoni kwa mazoea, zikafika nusu ya safari, zikasimama. Mkata ngozi mmoja akaonja, akamtazama jirani yake. Jirani naye akaonja. Chupa zikarudi mifukoni moja moja.

Mkata ngozi akaja na sahani tupu. "Leo kapika nani?"

"Mimi."

"Acha utani. Kapika nani?"

"Mimi, bwana!"

"Basi mshukuru aliyekusaidia," akasema, akasogeza sahani niongeze.

Tajiri alikula meza ya katikati. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuita paka. Alikula akamaliza. Akaomba nyingine, akamaliza hiyo nayo. Nikamkonyeza Mama Funguo, naye akanikonyeza. Tumeokoka, nikasema moyoni.

Tajiri akajipangusa midomo, akasimama.

"Mpishi, njoo hapa. Mama, na wewe." Tukasogea. "Chakula hiki ni kizuri. Na uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi. Kama mnaweza kupika hivi, yule bibi yangu wa gundi alikula nini?"

Kijana wa kampuni ya maboksi, aliyekuja na tajiri, akaweka sahani mbili mezani mbele yangu, zinazofanana kama pacha.

"Hizi zimetoka kwao," tajiri akasema. "Onja zote mbili, uniambie ipi imezidi chumvi. Nataka kujua kama jiko langu lina mtu anayejua anachofanya. Likiwa naye, linabaki."

Nikashika kijiko. Nusu kwa nusu. Nimewahi kubahatisha mambo makubwa zaidi, hata mke nilimpata kwa kubahatisha. Nikaonja ya kushoto: uvuguvugu. Nikaonja ya kulia: uvuguvugu. Nikamtupia jicho shemeji aliyekaa nyuma ya tajiri, naye akanikonyeza kwa macho yote mawili, ambayo ni sawa na kupepesa tu. Maskini, alikuwa hajui zaidi yangu.

Neno "kulia" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Halafu nikaiona Jumatatu. Nikibahatisha leo nikapatia, Jumatatu nitabahatisha tena, na sahani ya Jumatatu ina mlaji anayeimaliza yote kwa kuwa hataki kuniudhi.

"Bosi, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kujua. Sina ulimi. Mafua yaliondoka na ladha yangu, sikumwambia mtu. Chumvi aliyokula bibi niliitia mimi."

Kantini ikavuma kama mzinga uliopigwa teke. Na katikati ya mvumo ule ikapanda sauti moja, kali, na mlio wa funguo:

"Mwongo huyo!"

Nikageuka. Mama Funguo alikuwa amenyoosha kidole.

"Ana ulimi mrefu kutushinda sote! Woga tu, Bosi. Akiona mkubwa aliyevaa koti anatetemeka. Hapo mbele yako anaweza kusema hata jina lake halijui."

Wallahi sikujua kama nimshukuru au nimtupie sahani.

"Basi onja wewe, Mama," tajiri akasema kwa ile sauti yake ya kuita paka. "Si ndiyo kazi yako?"

Akasogea. Alipuliza vile vyakula vilivyopoa. Akaonja, akafumba macho, akaonja tena, na akatamka kwa uhakika kiasi kwamba mimi mwenyewe, ninayemjua, nilimwamini:

"Hiki cha kulia. Chumvi imezidi. Mwenye presha asikiguse."

Tajiri akatikisa kichwa taratibu.

"Mama, vyote viwili havina chumvi hata chembe. Niliagiza hivyo."



"Ni mafua, Bosi," Mama Funguo akasema upesi. "Nimeamka nayo leo."

Mafua yangu! Ameyaazima mbele ya macho yangu, bila hata kunibishia hodi.

"Mpishi," tajiri akaniambia. "Wewe unafanya naye kazi. Ni mafua?"

Ukweli wangu niliutoa bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa ni wangu. Huu mwingine una mwenyewe, na mwenyewe amenikataza ndani ya stoo. Nikisema ndiyo, anabaki na kijiko chake, Jumatatu anatoa hukumu ile ile. Nikisema siyo, nimemvua nguo mbele ya kiwanda. Nikamtazama. Kidole alichokuwa amekinyoosha kilikuwa kimerudi, kinachezea funguo. Mama wa watu alionekana mdogo ghafla, kama koti lililotundikwa.

"Mwambie," akasema polepole. "Mimi mdomo umenikauka. Na bibi ni rafiki yangu."

"Si mafua, Bosi," nikasema. "Mama hajawahi kuonja chakula changu hata kimoja. Alikuwa akiutegemea ulimi wangu, nami nikaja kuutegemea wake."

Watu hawakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko.

Tajiri aliziangalia sahani zile mbili, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama. Akajikuna kidevu.

"Kwa hiyo mpishi hana ulimi," akasema.

"Hana, Bosi."

"Na mwonjaji hana."

"Hana."

"Basi chakula nilichokula leo, nikaomba na kingine, kimeonjwa na nani?"

Ukweli huo, msomaji, sikuwa nimeufikiria. Unautoa wako, jasho linakutoka. Unautoa wa jirani, roho inakuuma. Unadhani umemaliza, sasa uketi upewe maji. Kumbe wa tatu uko nyuma yake kwenye foleni, na mwenyewe ni kaka wa mke wangu, aliyeacha mstari wa gundi mashine zikiwa zinakwenda.

Nyuma ya bega la tajiri, shemeji yangu alikuwa ameshaanza kuteremka taratibu kuelekea chini ya meza. Angefika salama, lakini viganja vyake vilikuwa na gundi ya asubuhi ambayo maji hayaitoi, na vilikuwa vimeng'ang'ania kitambaa. Alivyokuwa anashuka, kitambaa kikamfuata. Na sahani zikaanza kukifuata kitambaa, moja baada ya nyingine, kwa heshima kabisa.

Tajiri akasikia vyombo vinatembea. Akaanza kugeuza shingo.